Gombe au Mahale: ukiwa na siku chache Kigoma, sokwe uwafuate wapi?

Binamu yangu wa Tabora alinipigia simu jioni moja, tiketi ya treni tayari iko mfukoni. "Dada, nakuja mwisho wa reli kuona sokwe. Niende Gombe au Mahale?" Sikumjibu palepale. Nilimrudishia maswali, na kadiri alivyokuwa akiyajibu ndivyo jibu lilivyojitokeza lenyewe.

Tangu nihamie Mwanga, hapa Kigoma, nimeulizwa hivyo mara nyingi, na naona wengi hukwama kwa sababu wanatafuta hifadhi iliyo nzuri kuliko nyingine. Zote mbili ni nzuri, na zote ziko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ndani hakuna barabara. Unatembea kwa miguu nyuma ya mwongozaji, na sokwe wa huko wamezoea kuona watu tangu miaka ya 1960. Tofauti iko upande wako wewe msafiri.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, kaa chini ujibu haya. Una siku ngapi Kigoma kwenyewe, ukiacha siku za kuja na kurudi? Umeweka shilingi ngapi kwa ajili ya boti, maana boti ndiyo inayokula pesa kuliko kiingilio kwa Mtanzania? Magoti yako yanahimili mteremko mkali, na tumbo lako linahimili mawimbi? Unataka kumwona sokwe tu, au unataka pia msitu, mlima na ukimya? Na utasafiri mwezi gani? Nitazipitisha hifadhi zote mbili kwenye maswali hayohayo.

GOMBE

Kufika

Gombe iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, kilomita 16 hivi kwa majini. Njia ya wananchi inaanzia Kibirizi, pale maboti ya mbao yanapopakia watu, mafuta ya mawese, magodoro na kuku kuelekea vijiji vya kaskazini. Boti la abiria huondoka mchana na hukuchukua kama saa tatu, likisimama kijiji kimoja hadi kingine. Linalorudi mjini hupita asubuhi na mapema. Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Ukifika alasiri, huwezi kutafuta sokwe siku hiyo; utawafuata kesho yake, na utakaporudi kambini boti la kurudi limeshapita zamani. Kwa boti la abiria, basi, hesabu usiku mbili. Siku ya Jumapili uliza kwanza kama kuna safari.

Ukikodi boti lenu wenyewe mnaweza kwenda na kurudi siku moja, mradi mng'oe nanga alfajiri. Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini mkiwa watano au sita inagawanyika vizuri.

Neno moja kuhusu kukodi. Mwaka fulani tulikodi boti kwa mtu tuliyeelekezwa pale ufukweni, bei tukaelewana vizuri, tukaondoka tukicheka. Katikati ya safari injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Hakuwa na mafuta ya akiba. Tulielea zaidi ya saa nzima, jua linachoma, mama mmoja kati yetu anasali kwa sauti, mpaka wavuvi wa dagaa waliokuwa wakirudi nyumbani wakatumiminia lita chache kwenye galoni. Tangu siku hiyo siweki mguu ndani ya boti kabla sijaliona galoni la akiba kwa macho yangu, sijahesabu jaketi okozi moja moja kulingana na vichwa vyetu, na sijakubaliana kwamba nusu ya pesa italipwa tukirudi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa zaidi. Nimelipenda tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana sitaki mtu yeyote alichukulie kama bwawa.

Miguu

Hifadhi ni ndogo, kilomita za mraba 52 kwa hesabu iliyozoeleka, lakini udogo huo usikudanganye. Ardhi inapanda ghafla kutoka ufukweni, mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye kingo za bonde la ufa zinazofika karibu mita 1,600. Mabonde ni membamba na njia ni za mizizi na kokoto. Sokwe wakiwa chini karibu na kijito cha Kakombe, utatembea nusu saa na kuwakuta. Wakiwa wamepanda juu, utapanda kwa mikono na miguu, na kushuka ndiko kutakakokumaliza magoti. Huwezi kuchagua, wafuatiliaji hutangulia alfajiri, wakaita kwa redio wakishawapata.

Utakachokiona

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka ufukweni hapa tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake. Miezi michache baadaye, mvua zilipokuwa zimeanza, alimwona sokwe dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kulichomoa likiwa na mchwa. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake. Goodall alifariki Oktoba 2025, na utafiti aliouanzisha bado unaendelea kwenye mabonde yaleyale.

Mimi nililiona jambo hilo mara moja tu, mwezi Novemba. Sokwe jike alikaa kwenye kichuguu kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Alikwangua tundu kwa kidole, akachuma ubua, akaupitisha mdomoni kuondoa majani, akauingiza taratibu huku mkono mwingine ukiuelekeza. Akasubiri. Alipouchomoa, mchwa askari walikuwa wameung'ata wakaning'inia mstari mzima, naye akawapitisha midomoni mmoja baada ya mwingine. Ncha ilipolegea, akaikata kwa meno na kuendelea. Mtoto wake alikuwa pembeni anachezea ubua uliotupwa, anauchomeka pasipo na tundu.

Ni msimu uleule sisi tunapowatega kumbikumbi kwa taa na beseni la maji.

Sokwe wa Gombe kwa jumla ni kama mia moja hivi, wamegawanyika katika jamii kadhaa, na wageni hupelekwa zaidi kwa jamii ya Kasekela. Zaidi ya sokwe utaona kima, mbega wekundu, na nyani wengi sana ufukweni. Simba hakuna. Maporomoko ya Kakombe yako mwendo mfupi kutoka kambini na hata asiye na pumzi anafika.

Kulala na kula

Kuna nyumba za wageni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na sehemu ya kupiga hema, na jiko unaloweza kulitumia. Chakula beba mwenyewe kutoka sokoni Mwanga au Kigoma mjini. Nyani wa Gombe wanajua kitasa cha mlango ni nini. Usile nje, usiache ndizi dirishani, na hema usiliache wazi hata kwa dakika ya kwenda msalani.

Inamfaa nani

Mwenye siku mbili au tatu, mwenye pesa ya kuhesabu, na anayevutiwa na historia ya utafiti. Walimu wanaoleta wanafunzi wakubwa pia hupenda hapa. Haimfai anayetafuta upweke: njia ni chache na boti za vijijini zinapita mbele ya kambi.

MAHALE

Kufika

Mahale iko kusini, kama kilomita 128 kutoka Kigoma. Safari hiyo peke yake ni safari kamili. Kwa boti la kasi ni saa nne au zaidi. Kwa boti la mbao lenye injini ya kawaida ni siku nzima, pengine na sehemu ya usiku. Kiangazi kuna njia ya nchi kavu kupitia Uvinza hadi vijiji vya mwambao vilivyo jirani na hifadhi, kisha unachukua boti kumalizia. Hadi Uvinza ni lami; baada ya hapo ni vumbi, na mvua zikichachamaa ni tope. Wenye uwezo huja kwa ndege ndogo za kukodi hadi uwanja mdogo ulio ukingoni mwa hifadhi.

Watu wengi wananiuliza habari za MV Liemba. Ni meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe wasije wakanyang'anywa, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina hilo. Kwa miaka mingi ndiyo iliyowashusha watu Lagosa, kijiji kilicho jirani na Mahale, usiku wa manane, meli ikiwa katikati ya maji na mitumbwi ikiifuata ubavuni. Lakini imekuwa ikisimama kwa vipindi virefu kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo usipange safari juu yake kabla ya kwenda bandarini Kigoma kuuliza wiki ileile.

Miguu

Ukubwa ni kilomita za mraba 1,613. Kilele cha Nkungwe, ambacho Watongwe, wenyeji wa milima hii, wanakiheshimu kama mahali patakatifu, kina mita 2,462. Wakati wa kiangazi sokwe hushuka miteremko ya chini karibu na ziwa, na hapo mwendo ni mwepesi kuliko wengi wanavyotarajia, chini ya kivuli cha msitu mnene. Wakipanda, nawe unapanda, na milima hii ina nafasi ya kukupandisha sana. Anayetaka Nkungwe atenge siku mbili au tatu za ziada, askari mwenye silaha na mpagazi.

Utakachokiona

Hapa nitakaa kidogo, maana watu hudhani sokwe ni sokwe.

Utafiti wa Mahale ulianzishwa mwaka 1965 na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, na hifadhi ikatangazwa 1985. Wageni hupelekwa kwa jamii ya Mimikire, maarufu kama kundi M, yenye sokwe wapatao sitini. Hifadhi nzima ina mamia. Sokwe hawa wana mila zao. Wanapochambuana manyoya, wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akainua mkono mmoja juu, wakashikana mikono juu ya vichwa vyao, na kwa mkono uliobaki kila mmoja anachambua kwapa la mwenzake. Wa Gombe hawana desturi hiyo. Wao hushika tawi. Kwa upande mwingine, kundi M halivui mchwa wa vichuguu kama wa Gombe, bali huchomeka vijiti kwenye matundu ya miti kuvua sisimizi wakubwa weusi. Ziwa ni moja, mnyama ni mmoja, na kila jamii inafundisha watoto wake mambo yake.

Na kuna kisa kinachonigusa kila nikikisimulia. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, ofisa wanyamapori aliyekuwa pia mganga wa Kitongwe. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku, anayeonekana mgonjwa, akivunja matawi ya mjonso, akimenya ganda na kutafuna kiini chake kichungu mno, kitu ambacho sokwe hali kwa kawaida. Kesho yake alikuwa na nafuu. Mzee Kalunde aliujua mti ule. Watongwe hutumia mjonso kutibu tumbo, minyoo na homa. Kutoka hapo ukaanza utafiti mkubwa wa jinsi wanyama wanavyojitibu, na ulianza kwa sababu mtu wa hapahapa alikuwa anaijua dawa ile. Ukienda Mahale mwombe mwongozaji akuonyeshe mjonso, ukipenda onja kipande kidogo.

Zaidi ya sokwe kuna mbega, chui ambao ni nadra kuwaona, na upande wa mashariki wa milima kuna miombo yenye wanyama wa nyika, ingawa mgeni wa siku chache hafiki huko. Maji ya mbele ya kambi ni sehemu ya hifadhi, na uangavu wake ni wa kuhesabu kokoto.

Kulala na kula

Kuna kambi chache za kifahari, za bei ya kifahari, ambazo huhudumia wageni wa ndege. Kwa sisi wengine kuna mabanda ya TANAPA pale Kasiha. Ni safi na tulivu, na hakuna duka, kwa hiyo unga, mchele, mafuta, vitunguu na hata kiberiti vyote vitoke Kigoma, pamoja na akiba ya siku moja zaidi endapo upepo utakataa. Vijiji vya jirani utapata mgebuka na dagaa ukiwahi. Umeme ni wa jua, kwa hiyo pawabenki iwe imejaa.

Inamfaa nani

Mwenye siku tano na kuendelea, kikundi kinachogawana boti, au mtu anayetaka kusikia msitu peke yake. Haimfai anayetakiwa kazini Jumatatu, na ninasema hivyo kwa kuwa nimemwona mtu akilia ufukweni kwa sababu mawimbi yalimzuia siku mbili.

MSIMU, KWA ZOTE MBILI

Mei hadi Oktoba ni kiangazi: njia kavu, majani yamepungua, sokwe wanaonekana vizuri. Lakini ndio wakati upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu ziwani, na hilo linamuumiza zaidi anayekwenda Mahale. Safiri asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Oktoba na Novemba mvua zinapoanza, njia zinateleza, ila Gombe ndipo vichuguu vinapovuliwa. Machi na Aprili mimi simshauri mtu, hasa kwa barabara ya Uvinza kwenda chini.

YA KUANDAA, POPOTE UENDAPO

La kwanza ni afya yako, na hapa naomba unisikilize. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia Gombe, ukaua baadhi yao na kuwaacha wengine na viungo vilivyokufa. Mwaka 2006 mafua ya aina yetu yaliua sokwe wa kundi M kule Mahale. Ndiyo maana utavaa barakoa, utakaa umbali wa mita kumi, mtakuwa wageni wasiozidi sita, na saa moja ikiisha mtaondoka hata kama ndio kwanza wameanza kucheza. Nimewahi kusafiri na rafiki aliyekuwa na kikohozi akakificha hadi kambini. Mwongozaji alimsikia akikohoa mara mbili tu, akamwambia kwa upole, "Kaka, wewe leo utabaki." Alibaki. Alikasirika siku hiyo, baadaye akakubali. Ukiwa na mafua, ahirisha. Watoto wadogo nao hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Uliza umri kabla ya kumwahidi mwanao.

La pili ni kitambulisho. Bila NIDA au pasipoti huwezi kuthibitisha uraia, na tofauti ya kiingilio kati ya Mtanzania na mgeni wa nje ni kubwa sana. Malipo hayafanyiki kwa pesa taslimu getini. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Pita ofisi za hifadhi mjini Kigoma siku moja kabla, wakupe viwango vya mwaka huu wa fedha na wakuwekee nafasi.

Begi: suruali ndefu ya kuingiza ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, raba zenye meno zilizokwishavaliwa (mpya zitakutoa malengelenge), nguo zisizong'aa, koti la mvua, tochi, dawa ya mbu, darubini kama unaweza kuazima. Kamera izimwe mwanga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo kukinga vitu na maji ya ziwa mimi hutumia ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko: simu, nguo kavu na mkate vyote humo, na kambini inageuka kuwa ya kuogea.

UKIWA NA HALI HII, FANYA HIVI

Una siku mbili Kigoma na mko watano: kodini boti, Gombe, mlale usiku mmoja ili msipoteze siku kwa haraka.

Uko peke yako na pesa ni ya mshahara wa kawaida: boti la abiria la Kibirizi, Gombe, usiku mbili.

Una wiki nzima na ratiba isiyokubana: Mahale, siku tatu msituni, siku mbili za ziada kwa ajili ya upepo.

Magoti yana shida: Mahale wakati wa kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, hukupa nafasi nzuri ya kuwakuta chini. Kama siku hazitoshi, nenda Gombe, mwambie mwongozaji ukweli mapema, na ukubali kuishia Kakombe siku hiyo wakiwa juu.

Unaogopa maji: Gombe, boti kubwa, asubuhi. Mahale haikwepi ziwa hata ukipita Uvinza.

Unataka zana na vichuguu: Gombe, mvua za kwanza. Unataka kuona wanavyoshikana mikono: Mahale.

Unataka kwa kweli simba, viboko na tembo: hizi zote mbili si zako. Ukiwa Tabora, ulizia Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, na ujiandae kwa gari na mbung'o.

Binamu yangu alikuwa na siku nne, na treni ilizila mbili. Alikwenda Gombe kwa boti la saa kumi na mbili asubuhi lililokodiwa na walimu wanne aliokutana nao behewani. Kabla hajapanda nilimuuliza tena kama kile kikohozi cha wiki iliyopita kimekwisha, akavuta pumzi ndefu mbele yangu ili nisikie.